Povu limetengenezwa na nini, linatokeaje na linatumika wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa kila namna: wanaotengeneza sabuni ya maji nyumbani, wapishi, wanunuzi wa magodoro, wanafunzi wa sekondari, wakazi wa pwani. Yamepangwa kuanzia misingi. Mwenye haraka asome angalau maswali matatu ya mwanzo, kwa sababu karibu kila kisa cha povu kinarudi kwenye jambo moja: ni kitu gani kimekaa kwenye utando unaoizunguka hewa.

## Misingi

1. Povu ni nini hasa?

Povu ni hewa, au gesi nyingine, iliyofungiwa ndani ya vyumba vingi vidogo ambavyo kuta zake ni za kimiminika au za kitu kigumu. Sehemu kubwa ni hiyo hewa. Povu lililokauka kidogo juu ya beseni la kufulia linaweza kuwa na hewa zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake. Ndiyo maana ukilikamua mkononi unabaki na unyevu tu.

Povu la kimiminika ni la muda, liwe la sekunde au la saa kadhaa. Povu gumu ni lile ambalo kuta zake zilikauka au kuganda kabla hazijapasuka. Mkate ni povu gumu, sponji ya godoro pia, na hata lile jiwe la volkano lenye vitundu ambalo watu husugulia nyayo.

2. Kwa nini maji matupu hayatoi povu?

Tikisa chupa ya maji safi: viputo vinatokea, kisha vinapotea papo hapo. Molekuli za maji huvutana kwa nguvu, na uso wa maji hujikaza uwe mdogo kadiri inavyowezekana. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso. Kwa maji ya joto la kawaida ni takriban milinewtoni 72 kwa mita. Sabuni huishusha hadi kati ya 25 na 30 hivi.

Wengi huishia hapo na kusema sabuni hutoa povu kwa sababu inapunguza mvutano. Maelezo hayo hayatoshi. Spiriti ina mvutano mdogo kuliko maji ya sabuni, lakini ukiitikisa haitoi povu la kudumu. Kinachohitajika ni kitu cha kukaa usoni mwa utando na kuulinda. Kitu hicho huitwa safaktanti. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, kwa hiyo hujipanga usoni, vichwa ndani ya maji na mikia kwenye hewa. Utando ukivutika na kuwa mwembamba mahali fulani, safaktanti hapo inakuwa haba, mvutano unapanda, na sehemu hiyo inavuta maji kutoka pembeni hadi panene tena. Utando unajiponya wenyewe. Maji matupu na spiriti havina uwezo huo.

Protini nazo hufanya kazi hiyo, ndiyo maana maziwa, ute wa yai na bia hutoa povu bila tone la sabuni.

3. Kwa nini povu halidumu?

Kwanza, maji yaliyo kwenye kuta hushuka chini kwa uzito wake, na kuta za juu zinakonda. Pili, gesi hupenya kutoka kiputo kidogo kwenda kikubwa, kwa sababu shinikizo ndani ya kiputo kidogo ni kubwa zaidi. Vidogo vinakwisha na vikubwa vinanenepa, jambo unaloliona wazi ukilitazama povu kwa dakika chache. Tatu, utando uliokonda mno hupasuka.

Ukitaka kuona hatua ya mwisho, angalia kiputo kimoja kikubwa kwenye mwanga. Rangi zake hutokana na mwanga unaorudi kutoka nyuso mbili za utando na kukutana. Rangi zikitoweka na sehemu ya juu ikaonekana nyeusi, utando hapo umebaki na unene wa makumi machache tu ya nanomita, na kiputo kiko karibu kupasuka.

4. Sabuni yangu ni ya kijani. Mbona povu ni jeupe?

Rangi ipo, ila kuta ni nyembamba mno kuweza kuionyesha. Mwanga ukiingia kwenye povu hugonga maelfu ya kuta na kutawanywa pande zote, rangi zote kwa pamoja, na jicho linaona weupe.

5. Viputo hujipanga ovyo, au kuna utaratibu?

Kuna utaratibu mkali, na kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili. Mwanafizikia Mbelgiji Joseph Plateau alichapisha kanuni zake mwaka 1873. Kuta za povu hukutana tatu tatu, kwa pembe ya nyuzi 120. Kingo nazo hukutana nne nne, kwa pembe ya takriban nyuzi 109.5. Plateau alikuwa kipofu kwa miaka mingi wakati wa kazi hiyo. Wengine walitazama kwa niaba yake na kumweleza walichokiona.

Mwaka 1887 mwanafizikia Lord Kelvin aliuliza ni umbo gani la vyumba vyenye ujazo sawa lingejaza nafasi kwa kutumia ukuta mchache zaidi. Jibu lake, chumba chenye nyuso 14, lilisimama zaidi ya miaka 100, hadi wanafizikia Denis Weaire na Robert Phelan walipopata mpangilio bora kidogo mwaka 1993. Mpangilio wao ndio uliotumika kubuni kuta za jengo la kuogelea la Olimpiki ya Beijing ya 2008, lile linaloonekana kama limejengwa kwa viputo.

## Sabuni na kufua

6. Povu jingi maana yake nguo inatakata zaidi?

Hapana. Kinachoondoa uchafu ni safaktanti iliyo ndani ya maji, inayozunguka chembe za mafuta na kuzibandua kwenye kitambaa. Povu ni hewa iliyonaswa juu. Sabuni za mashine za mlango wa mbele hutengenezwa makusudi zitoe povu kidogo, na zinafua vizuri.

Hata hivyo povu lina habari ya kukupa. Ukiosha sufuria za mafuta na povu likatoweka ghafla, safaktanti imemalizwa na mafuta, na maji hayo yamechoka. Kwa hiyo povu linakuonyesha sabuni iliyobaki. Usafi wa nguo utaujua kwa kuikagua nguo yenyewe. Anayeongeza sabuni ili aone povu zaidi hujiongezea kazi ya kusuuza na bili ya maji.

7. Kwa nini sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya kisima chetu?

Maji hayo ni magumu: yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Madini hayo hukamata molekuli za sabuni na kuzigeuza ule utando wa kijivu unaoganda kwenye ndoo na kwenye kola za mashati. Mpaka madini yaishe, hupati povu. Sabuni inaliwa bure. Visima vingi vya pwani na visiwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na ugumu wa maji unatoka humo.

Sabuni ya unga haisumbuliwi sana, kwa kuwa safaktanti zake haziungani na kalsiamu kirahisi hivyo na mara nyingi huwekwa viungo vya kuyalainisha maji. Kama kisima ndicho chanzo chako pekee, fulia sabuni ya unga, na maji ya mvua uyatunze kwa ajili ya sabuni ya mche.

8. Kuna sabuni inayotoa povu kwenye maji ya bahari?

Ipo, sabuni ya mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, na sabuni yake huyeyuka hata kwenye maji ya chumvi, pale ambapo sabuni ya mafuta ya ng'ombe hugoma. Mabaharia wa zamani walibeba sabuni ya namna hiyo melini. Ukitengeneza sabuni ya kipande nyumbani, nazi ndiyo inayoleta povu jingi la haraka, na mawese huleta ugumu wa kipande. Nazi tupu hukausha ngozi, kwa hiyo mafundi wengi huchanganya.

9. Sabuni yangu ya maji ni nzito lakini povu ni haba. Nimekosea wapi?

Uzito na povu ni mambo mawili tofauti. Povu linatoka kwenye safaktanti mbili: ungarol, au sless kama wengine wanavyoiita, na sulfoniki. CDE, kiungo kinachotokana na mafuta ya nazi, inalifanya povu liwe dogo dogo na lidumu. Chumvi inaleta uzito tu. Ukipunguza ungarol ili kubana gharama kisha ukaongeza chumvi au CMC (unga wa kuongeza uzito), utapata sabuni inayoonekana tajiri kwenye chupa lakini isiyo na povu kwenye sinki.

Chumvi nayo ina kikomo. Mwanzoni hufanya vifungu vya molekuli za safaktanti virefuke na kusokotana, na sabuni inakuwa nzito. Ukipitiliza, vifungu hubadilika tena na sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji. Ikishafika hapo usiongeze chumvi nyingine. Ongeza maji na ungarol kidogo kidogo. Na ushauri wangu wa dhati: iyeyushe chumvi kwenye maji pembeni, uimimine kwa awamu huku ukikoroga taratibu. Ukikoroga kwa kasi unajaza hewa, na sabuni itakaa na povu juu hadi kesho yake.

10. Watu walifuaje kabla ya sabuni za dukani?

Mojawapo ya njia ni mimea yenye saponini, kemikali inayofanya kazi kama safaktanti. Mjunju hutumika hivyo sehemu nyingi za Afrika kavu. Ethiopia wana endod, ambayo matunda yake hupondwa na kutumika kufulia. Mwaka 1964 mwanasayansi Aklilu Lemma aliona huko Adwa konokono wengi wamekufa mtoni, chini kidogo ya mahali watu walipofulia kwa endod. Konokono wa aina fulani ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, kwa hiyo ugunduzi huo ulifungua njia mpya ya kupambana na ugonjwa. Saponini hudhuru samaki pia, kwa hiyo maji ya kufulia mimea hii yasimwagwe kwenye bwawa.

## Jikoni

11. Kwa nini maziwa na maharage hufurika yakichemka?

Maziwa yana protini zinazoshikilia kuta za viputo, na juu hutanda ngozi inayouzuia mvuke. Mvuke unaisukuma ngozi na povu kwa pamoja, na dakika hiyo hiyo jiko limechafuka. Maharage yana saponini na protini. Maji ya wali na ya muhogo yana wanga unaoyafanya mazito, hivyo viputo huchelewa kupasuka.

Kijiko cha mafuta kwenye maharage kinasaidia: tone la mafuta husambaa kwenye utando na kuupasua. Povu la maharage lenyewe si sumu ya kuogopa likishachemka, lakini wengi huliengua kwa ajili ya ladha na mwonekano.

12. Nimepiga ute wa yai muda mrefu, haupandi. Kwa nini?

Mara nyingi ni mafuta. Kiini kidogo kilichochuruzika, au bakuli la plastiki lililobaki na mafuta ya jana, kinatosha kuvunja povu, kwa sababu ile ile ya kijiko cha mafuta kwenye swali la 11. Tumia bakuli la chuma au la kioo lililokauka. Matone ya ndimu husaidia protini zishikane vizuri. Sukari iwekwe baada ya povu kuanza kusimama.

13. Mkate na vitumbua navyo ni povu kweli?

Ni povu kabisa. Hamira hula sukari na kutoa kabonidioksidi. Kwenye ngano, gluteni ndiyo inayotengeneza kuta zinazovutika. Mchele hauna gluteni, kwa hiyo kwenye vitumbua na mkate wa kumimina kuta ni za wanga uliosagwa laini. Ndiyo maana mchanganyiko ukiwa mwepesi mno gesi hutoroka na kitumbua kinatoka kigumu, na ndiyo maana mchanganyiko ulioumuka haukorogwi tena kwa nguvu. Moto unazigandisha kuta, na povu linakuwa la kudumu.

14. Mbona povu la bia hukaa, la soda hupotea mara moja?

Gesi ni ile ile. Tofauti ni kwamba bia ina protini za shayiri na uchungu wa maua ya hopsi, vitu vinavyokaza utando; soda haina. Glasi yenye mafuta, au midomo yenye rangi ya mdomo, inaliua hata povu la bia.

## Bahari, mito na viumbe

15. Povu la ufukweni ni uchafu?

Mara nyingi si uchafu. Mwani mdogo ukifa huacha protini na mafuta majini, na mawimbi yakiyapiga povu linatokea. Pwani ya Afrika Mashariki huliona zaidi upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu. Povu la asili huwa na rangi ya kahawia kidogo na harufu ya samaki au majani. Povu jeupe lenye harufu ya manukato, karibu na bomba au mfereji, hutoka kwenye maji taka.

Likiwa jembamba halina neno. Likiwa nene, usiingie. Tarehe 11 Mei 2020 wanamichezo watano wa majini walikufa Scheveningen, Uholanzi, siku ambayo bahari ilikuwa imefunikwa na povu zito lililotokana na mwani. Ndani ya povu huoni mbele, huwezi kuelea juu yake kwa kuwa karibu lote ni hewa, na ukivuta pumzi unalivuta lenyewe.

16. Na mito inayofurika povu?

Hiyo karibu kila mara ni kazi ya binadamu. Mto Yamuna mjini Delhi na ziwa Bellandur mjini Bengaluru, India, vimejulikana duniani kwa povu la maji taka yasiyosafishwa. Ulaya na Marekani walipitia hayo miaka ya 1950, sabuni za unga za wakati huo zilipokuwa na safaktanti ambazo bakteria hawakuweza kuzivunja. Miaka ya 1960 viwanda vilihamia kwenye molekuli zenye mkia ulionyooka, ambazo huoza, na mito ikatulia. Ni ushahidi kwamba tatizo hili linatibika sheria zikiwepo na zikifuatwa.

17. Nimeona tonge la povu jeupe kwenye tawi juu ya dimbwi. Ni nini?

Huenda ni kiota cha chura wa mtini, *Chiromantis xerampelina*, anayeishi Afrika Mashariki na Kusini. Jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma hadi uwe povu, kisha mayai hukaa ndani. Nje hukauka na kuwa gamba, ndani hubaki na unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Usiliguse.

## Kuzima moto

18. Kwa nini Zimamoto hutumia povu badala ya maji kwenye petroli?

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji, maji yanazama, petroli inaelea huku ikiwaka na kusambaa. Povu linaelea juu ya petroli, linatenga hewa, linapoza, na zaidi ya yote linazuia mvuke usipande. Wazo hili lilianzishwa na Aleksandr Loran, mwalimu Mrusi aliyeishi Baku, mji wa visima vya mafuta, mwanzoni mwa karne ya 20.

Kazi ya kuzuia mvuke ni muhimu hata kabla moto haujawaka. Mvuke wa petroli hauonekani, na cheche moja inatosha. Sachang'wan nchini Kenya, Januari 2009, na Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa katika kila ajali, baada ya umati kukusanyika kuchota mafuta kwenye lori lililopinduka. Ukiona lori la mafuta limeanguka, ondoka na waite Zimamoto.

19. Je, povu la sabuni ya kawaida linaweza kuzima moto wa mafuta?

Usijaribu. Petroli na mafuta hulivunja povu la sabuni haraka, na unabaki umemwaga maji. Kikaango kikishika moto nyumbani, zima jiko, kifunike kwa mfuniko, usikibebe, usimwage maji.

Hata povu la kitaalamu lina mipaka. Spiriti na vimiminika vingine vinavyochanganyika na maji hunyonya maji ya povu la kawaida na kuliangamiza. Vimiminika hivyo vinahitaji povu la aina maalumu.

20. Nasikia povu la Zimamoto lina sumu. Ni kweli?

Aina moja, ndiyo. Tangu miaka ya 1960 kumetumika povu lenye kemikali za florini zinazotandaza utando mwembamba wa maji juu ya mafuta. Linazima haraka sana, lakini kemikali hizo karibu haziozi, huingia kwenye maji ya ardhini na mwilini. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali zisizooza, uliziweka tatu kati yake kwenye orodha ya kudhibitiwa: PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Povu lisilo na florini lipo na linazidi kuchukua nafasi.

## Magodoro na sponji

21. Sponji ya godoro inatengenezwaje?

Ni poliuretani, plastiki iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937. Vimiminika viwili, isosianeti na polioli, huchanganywa na maji kidogo. Maji yakikutana na isosianeti hutoa kabonidioksidi, mchanganyiko unavimba kwa dakika chache tu, na plastiki inaganda ikiwa imevimba. Vyumba vya sponji viko wazi, hewa inapita, ndiyo maana inabonyea na kurudi. Ile nyeupe inayozunguka televisheni ndani ya boksi ni polistireni, ambayo karibu asilimia 98 yake ni hewa iliyofungiwa kabisa. Haibonyei vile, ila inazuia joto vizuri.

22. "High density" inamaanisha godoro gumu?

Haimaanishi hivyo, na wauzaji wengi huyachanganya mambo haya. Densiti ni uzito kwa ujazo. Ugumu ni kipimo kingine. Sponji inaweza kuwa na densiti kubwa na bado ikawa laini. Densiti ndiyo inayohusiana zaidi na umri wa godoro.

Unaweza kukadiria mwenyewe. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 6, lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.42. Kwa densiti ya 20 (kilo kwa mita ya ujazo), sponji pekee itakuwa na kilo 8.5 hivi, kwa densiti ya 30, karibu kilo 12.7. Beba mizani. Ila uzito nao unaweza kudanganya, maana sponji nyingine hutiwa unga wa chokaa. Libonye kwa goti uone kama linarudi haraka.

23. Kwa nini nionywe kuhusu moto?

Poliuretani ikiwaka hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni, na chumba hujaa moshi kabla mtu hajaamka. Mshumaa, sigara na dawa ya mbu ya kuwasha visikae karibu na godoro.

## Mengine

24. Mkojo wenye povu ni ugonjwa?

Ukitoka kwa kasi hutoa povu la kawaida linalopotea upesi. Likidumu, na likarudi siku baada ya siku, huenda protini inavuja kutoka kwenye figo. Protini hukaza utando kama ilivyoelezwa kwenye swali la 2. Nenda kituo cha afya upimwe mkojo, hasa kama una kisukari, presha au miguu inavimba.

25. Nimeweka sabuni nyingi mno kwenye mashine, povu linatoka nje. Nifanyeje?

Simamisha mashine, subiri povu lishuke lenyewe, kisha toa maji na usuuze kwa maji baridi zaidi ya mara moja. Kifuniko kimoja cha kilainishi cha nguo husaidia, kwa kuwa safaktanti zake zina chaji kinyume na za sabuni na huzishika. Usimimine sabuni tena hadi maji ya kusuuza yatoke bila povu. Viwandani hutumia matone ya silikoni, ambayo husambaa kwenye utando na kuupasua.